Winifrida Odilo Mlelwa (1964–2006) na Nyumba Iliyogeuzia Jua Mgongo

Baba Paroko, ndugu, majirani na wageni mliotoka mbali, poleni kwa msiba na poleni kwa baridi. Wasifu huu unasomwa hapa Uwemba leo, Jumamosi tarehe 10 Juni 2006, na Anjelina, mtoto wa mama mdogo wa marehemu, aliyekuwa naye Maskati, nchini Omani, kwa miaka minane ya mwisho. Wengine mmekuja kumzika Winifrida. Wengine, tusifichane, mmekuja kumzika na kuichungulia ile nyumba ambayo mmekuwa mkiiita Nyumba Iliyonuna. Karibuni nyote, macho hayana pazia. Maisha ya Wini na nyumba ile ni kitu kimoja, na leo mtasikia kwa nini imenuna.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Julai 1964 hapa hapa Uwemba, mtoto wa kwanza wa Mzee Odilo Mlelwa, aliyekwisha kututangulia, na Mama Evodia, huyu aliyeketi mbele yenu. Asubuhi hiyo umande ulikuwa umeganda mweupe kwenye majani ya viazi. Mama anasema siku alipomtoa mtoto nje kwa mara ya kwanza alimpeleka moja kwa moja ukutani, kwenye jua. Mnamjua Mama Evodia na miguu yake. Tangu ujana wake baridi ikiingia miguu inakufa ganzi, na moshi wa jikoni nao ukamharibu kifua. Kila ikifika mwezi wa sita alikuwa akichukua kigoda chake asubuhi, anakaa nje na mgongo ukutani, na jua likihama naye anahama. Watoto walijua saa kwa kuangalia kigoda cha mama kimefika wapi.

Alisoma Shule ya Msingi Uwemba kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, kisha akakaa miaka miwili kwa masista akijifunza kupika, kushona na kutunza nyumba. Huko ndiko alikoingia siku moja na mzigo wa kuni kwenye nyumba ya wageni, akakuta moto unawaka ndani ya ukuta. Wini alikuwa hajawahi kuona jambo kama hilo. Moto uko sebuleni, watu wanakunywa chai, na moshi hakuna! Ulipozimika akaingiza kichwa mle ndani kutazama moshi unakwenda wapi, akatoka na uso mweusi tii, na sista mzee akacheka mpaka akaomba kiti. Jioni akamwambia mama yake, "Mama, kuna nyumba ambayo moshi unatoka wenyewe bila kufukuzwa." Mama akakohoa, akamjibu, "Basi na mimi mama yako unijengee." Mama alisema kwa utani. Wini aliuchukua utani ule akaenda nao mbali kuliko yeyote alivyofikiri.

Tarehe 27 Septemba 1986 alifunga ndoa katika kanisa letu na Godson Ngailo, dereva wa malori ya mbao. Walipendana, tena waziwazi, mpaka mabibi walikuwa wakikohoa kwanza kabla ya kupiga hodi. Mungu hakuwajalia mtoto. Machi 1991 Godson alifariki kwa ajali akiwa safarini na mzigo, na Wini akavaa nguo nyeusi mwaka mzima. Waliokuja kumposa baadaye, na wengine wako hapa wameinamisha vichwa, aliwajibu wote neno moja: "Niliyempata alinitosha."

Mwaka 1992 alishuka Dar es Salaam kufanya kazi za ndani kwa familia moja yenye asili ya Unguja, na Septemba 1993 familia hiyo ikampeleka Maskati kwa ndugu yao, Bi Mahfoudha, aliyehitaji mtu wa kumsaidia kulea watoto. Msishangae waliwezaje kuelewana. Huko kuna Waomani wengi ambao wazee wao walitoka Unguja, na nyumbani wanasema Kiswahili kitamu kuliko hiki chetu cha mlimani, wakichanganya na Kiarabu bila hata kujikwaa. Bi Mahfoudha mwenyewe aliondoka Unguja akiwa msichana, na mpaka leo akisikia harufu ya karafuu anaacha kazi aliyoishika.

Mumewe, Bwana Ghanim, alifanya kazi chuo kikuu, na yeye aliugua ugonjwa mwingine kabisa: Uingereza. Alisoma huko miaka ya sabini, kijana peke yake, baridi imemwingia hadi kwenye meno. Siku moja ya Desemba rafiki yake wa chuoni alimpeleka kutembelea jumba la kale la mashambani, linaitwa Aldersby, lililojengwa na mabwana wa zamani miaka mia nne iliyopita. Wakamkalisha kwenye benchi lililojengewa ndani ya dirisha. Jua likampiga mgongoni kupitia vioo, akasinzia palepale mbele ya wenyeji wake. Alikuwa akisema hajapata tena joto tamu kama lile. Basi alipopewa kiwanja Al Khoudh, karibu na chuo, akaapa kujijengea Aldersby yake.

Na akaijenga kweli, wakahamia mwaka 1995. Ilikuwa na madirisha marefu kutoka karibu na sakafu hadi karibu na dari, vioo vidogo vidogo vimeungwa kwa madini ya risasi. Ngazi kubwa ilikuwa ya mbao ya mwaloni. Juu ya paa yalisimama mabomba ya moshi, na chini ya kila bomba sebule ilikuwa na meko yake ukutani. Ghorofani kulikuwa na ukumbi mrefu ambao kule Uingereza mabibi wa kale walitembea humo siku za mvua, na huyu bwana kauweka kwenye mji ambao mvua ikinyesha watu wanatoka nje kuishangaa! Hakuacha kitu. Hata ngazi nyembamba ya nyuma, iliyokuwa ya watumishi ili wasionekane na wageni, aliijenga. Hata vyumba vyao chini ya paa. Na kama ilivyo Aldersby, nyumba nzima aliielekeza kusini, madirisha yote makubwa yalitazame jua uso kwa uso. Jamani, Maskati! Mahali ambapo mtu anavuka barabara kufuata kivuli cha nguzo ya umeme!

"Mume wangu kaniletea nyumba ya baridi, baridi yenyewe kaisahau Ulaya," Bi Mahfoudha alikuwa akisema. "Wini, mwanangu, hebu funga mapazia, nnaungua mie."

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya Wini kila asubuhi ilikuwa kufunga mapazia, na jumba lile la kuota jua likaishi gizani miaka kumi na viyoyozi vikinguruma. Bwana Ghanim akitoka kazini alikuwa akifungua pazia moja kidogo, anasimama, anatazama vilima, halafu analifunga mwenyewe kabla mkewe hajasema. Wini alimwonea huruma. Alijua kilichokuwa kinamsumbua, kwa sababu na yeye alikuwa nacho.

Januari 1997 ikaja wiki moja ya mvua na upepo, na Bwana Ghanim akatangaza kwamba leo meko yatawashwa. Akaalika jamaa, akavaa sweta la ujana wake lililomgomea tumboni, akawasha. Kumbe njiwa walikuwa wamejenga ndani ya bomba tangu nyumba iishe. Moshi ukakosa njia, ukarudi sebuleni wote. Watu waliokuwa wanatoka msikitini wakaja mbio na ndoo za maji wakidhani nyumba inaungua, Bi Mahfoudha akapiga yowe la zulia lake, na mume wake akabaki amesimama katikati na sweta lake, machozi yanamtoka. Walipomaliza kufungua milango, wakamkuta Wini amekaa kwenye ngazi ya nyuma analia kwa kwikwi.

"Pole, Wini, moshi umekuumiza macho," Bwana Ghanim akamwambia.

"Si macho, Bwana," akasema. "Kunanuka kwetu. Kunanuka jikoni kwa mama yangu."

Tangu siku hiyo walikuwa wanazungumza, yeye na Bwana Ghanim, juu ya nyumba. Wengine huzungumza mpira.

Agosti 1999 familia ilikwenda Uingereza na Wini pamoja nao, na bila shaka Bwana Ghanim hakukubali warudi bila kuiona Aldersby yenyewe. Siku hizi wageni wanaruhusiwa kuingia, na bibi mmoja mzee anawatembeza. Wini alikuwa akisimulia safari hiyo kila Ijumaa alipokutana na Anjelina kanisani, maana huko ibada ni Ijumaa, na kila mara alikuwa anaanza na mawe. Mawe ya rangi ya asali, anasema, mazito, lakini nyumba haikuonekana nzito kwa sababu ya madirisha. Alimwomba Bwana Ghanim amuulize yule bibi kwa nini madirisha makubwa yote yako upande mmoja. Bibi akajibu kwamba aliyeijenga alikuwa na mama yake mzee, na alitaka jua la majira ya baridi limkute ndani, asubuhi mpaka jioni, asihangaike kulifuata.

Wini alishika ukingo wa dirisha. Akakiona kigoda cha mama yake.

Kisha akauliza swali la pili. "Muulize, na watu kama mimi walilala wapi?" Wakapandishwa ngazi ya nyuma mpaka chini ya paa, kwenye vyumba vya watumishi, ukuta wa kaskazini, dirisha la ukubwa wa sahani. Akasimama mle muda mrefu. "Hata huku," akasema, "dada wa kazi hapewi jua." Bi Mahfoudha alikuwa nyuma yake, akasikia. Waliporudi Maskati akamtoa Wini kule chini ya paa alikokuwa akilala, ambako kwa joto la Al Khoudh kulikuwa tanuri, akampa chumba cha wageni chini. Alibeba mito mwenyewe.

Mwaka 2000 Wini akaamua kujenga. Hakutaka jumba. Alitaka sebule moja yenye dirisha la Aldersby, la kukaa mtu ndani yake, na meko ya ukutani ambayo moshi wake unatoka wenyewe, ili Mama Evodia apate jua bila upepo na moto bila kikohozi. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani, na alilitaka sana. Mdogo wake Kasiani ndiye aliyesimamia ujenzi, na maagizo yakawa yanapita kwenye simu ya parokiani. Novemba hiyo, wakati wa kuchimba msingi, Kasiani akauliza, "Dada, dirisha kubwa lielekee wapi?"

"Kusini."

"Kusini? Una hakika?"

"Kasiani, nimeona Uingereza na nimeona Maskati. Kote ni kusini. Jua liko kusini."

Na Novemba, ndugu zangu, ukitoka nje saa sita utaliona jua limeinamia kusini kweli. Kasiani akatazama juu, akaona dada hajakosea, akachimba. Ila Novemba haina baridi. Mwezi wa sita na wa saba, baridi inapotuuma, jua letu la Uwemba linapita kaskazini, upande wa Njombe mjini, na hata mtoto wa darasa la kwanza anajua akae ukuta gani. Wini alikuwa analijua hilo kabla hajajua kutembea. Lakini alikuwa mbali kwa miaka mingi, akiwaza nyumbani kila siku, na kwa kuwaza sana akawa amepageuza.

Mama Evodia aliambiwa nyumba imeisha, ahamie. Akakataa. "Nitaingia na mwenyewe," akasema. Akaendelea kulala kwenye nyumba ya zamani, na ile mpya ikakaa na kufuli.

Juni 2003 Wini alikuja likizo. Wengi wenu mlimpokea, mlikula pilau lake na mkatafuta la kusema kuhusu nyumba. Baba Paroko alikuwa amepangiwa kuja kuibariki Jumapili, mama na binti waingie pamoja. Asubuhi ya kwanza Wini akaingia peke yake kuangalia. Ilikuwa saa nne, jua kali nje, na sebule ilikuwa ya baridi na giza kama stoo ya viazi. Akakaa kwenye benchi la dirishani, akangoja. Jua halikuja. Akatoka, akazunguka nyumba, na huko nyuma, kwenye ukuta mtupu usio na hata tundu, akamkuta Mama Evodia amekaa kwenye kigoda chake, mgongo umeegemea matofali, jua limemjaa usoni.

"Karibu, mwanangu," mama akamwambia. "Ukuta wako una joto zuri."

Wini alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Halafu akalia. Wamekuwa pande mbili za ukuta mmoja, mama nje kwenye joto, yeye ndani kwenye baridi, na ukuta ameujenga yeye.

Fundi akasema ukuta unaweza kutobolewa, ila unabeba paa, unahitaji zege na muda, na likizo ilikuwa inakwisha. Wini akasema Baba Paroko asubiri. "Mama, usiingie bado. Nikirudi nitatoboa mwenyewe, tuingie wote kwenye jua." Akamgeukia Kasiani: "Msiguse ukuta huu mpaka nije." Laiti wangeingia tu siku ile, hata kwenye baridi, hata kwa dakika moja! Lakini alivyokuwa Wini, jambo la mama yake lilitakiwa liwe kamili. Akarudi Al Khoudh, kipimo cha dirisha amekitia mafundo kwenye uzi, mmoja wake na mwingine kama huo kamwachia Kasiani, na ninyi mkaanza kuiita nyumba yake Iliyonuna. Alisikia. Alicheka, akasema, "Waambie inanuna kwa sababu inamsubiri mtu."

Alianza kuugua Machi 2005. Madaktari wa huko wakaona saratani ya tumbo, wakamfanyia upasuaji na kumpa dawa mpaka mwisho wa mwaka. Likizo ya mwaka ule ikapita, na ahadi ikapita nayo. Alikataza kabisa mama yake asiambiwe. Bi Mahfoudha hakumwacha hospitalini hata siku moja bila mtu, na Januari mwaka huu madaktari walipomrudisha nyumbani, alimlaza sebule kubwa ya mbele. Wini alikuwa amekonda, anatetemeka, mikono baridi katikati ya Maskati.

"Nnakutazama hivi, wataka nini, mwanangu?" Bi Mahfoudha akamuuliza.

"Fungua mapazia, Mama."

Yakafunguliwa yote, na viyoyozi vikazimwa. Jua la Januari likaingia kwenye madirisha ya kusini likafika kitandani, na kwa mara ya kwanza nyumba ya Bwana Ghanim ikafanya kazi iliyojengewa. Bi Mahfoudha aliketi hapo miezi ile yote, anatiririka jasho, anajipepea kwa ncha ya mtandio, wala hakusema anaungua. Anjelina alikuwa akitoka kazini kwake Wadi Kabir na kuwakuta hivyo, mmoja anaota jua na mwingine anaoga jasho, wanabishana kuhusu pweza na viazi, kipi chakula na kipi mateso. Siku za mwisho Wini alikuwa akiuliza tu kama huko nyumbani baridi imeanza.

Alifariki dunia asubuhi ya Ijumaa, tarehe 2 Juni 2006, katika sebule hiyo, mapazia yakiwa wazi.

Marehemu ameacha mama, Mama Evodia Mlelwa, mdogo wake Kasiani na mkewe na watoto wao, Anjelina, na huko Maskati Bwana Ghanim pamoja na watoto aliowalea, ambao wanasema Kiswahili chenye lafudhi ya Njombe na hawajui wamekitoa wapi. Ameacha pia Bi Mahfoudha, aliyelisindikiza jeneza toka Al Khoudh mpaka hapa, na ambaye tangu ashuke garini ameazima mablanketi ya nyumba tatu.

Hapa ndipo karatasi iliyochapwa inapoishia. Yanayofuata Anjelina ameyaongeza kwa kalamu mchana huu.

Habari za kifo zilipofika Uwemba Ijumaa ile, Kasiani hakulia mbele za watu. Alfajiri ya Jumamosi alitoka na nyundo, akaenda nyuma ya nyumba. Majirani wakamkimbilia kumzuia, wakidhani msiba umempanda kichwani. "Dada yako si alikataza ukuta usiguswe mpaka aje?" wakamwambia. Kasiani akajibu, "Si anakuja?" Basi wakaenda kuchukua nyundo zao. Ninyi ninyi mliokuwa mnaicheka nyumba hii ndio mliochanganya zege, ndio mliosimamisha nguzo, na Mungu awalipe. Kioo hakijapatikana bado, kuna tundu tu, kwa kipimo cha ule uzi.

Leo saa nne jeneza lilikuwa sebuleni. Jua likaingia kutoka upande wa Njombe mjini, likapita sakafuni, likapanda juu ya mbao. Bi Mahfoudha, kwa mazoea ya miaka kumi, akainuka kutafuta pazia la kufunga, kisha akakumbuka, akakaa. Ndipo tukamwona Mama Evodia amesimama mlangoni, mlango ambao hajawahi kuuvuka, amebeba kigoda chake. Akaingia polepole na miguu yake ile. Akakiweka karibu na jeneza, kwenye jua, akakaa, akaweka mkono juu ya mbao.

"Wini," akasema, "tumeingia."

Alikaa pale mpaka saa sita, na hakuhamisha kigoda.

Lala salama, dada. Mama ana joto.